Siku moja kazini Aarhus: wageni wangu, mtu wa kinamasi na nyumba za 1974

Kazi yangu ni kutembeza wageni Aarhus, mji wa pili kwa ukubwa Denmark. Wengi wanaonitafuta ni watu wa kwetu waliokuja kuona watoto wao walioolewa au wanaosoma huku. Leo ni Jumatano, na nimeichagua makusudi, maana makumbusho mengi Denmark hufungwa Jumatatu.

Saa moja asubuhi. Chai, mkate mweusi, koti la mvua begani hata kama jua linawaka. Mwezi wa tano huku haukopeshwi imani.

Saa tatu. Nawapokea kituo cha treni: mama mmoja wa Tanga, binti yake anayeishi hapa, na mjukuu wa kiume.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu. Hivi hili jua lenu linapasha moto, au ni la kupigia picha tu?"

Tunapanda basi kuelekea kusini. Huwa naanza na Moesgaard, makumbusho ya mambo ya kale, wakati miguu ya wazee bado ina nguvu, kwa sababu ndiko penye uzito.

Saa nne. Jengo la Moesgaard lilifunguliwa 2014, na paa lake linainuka moja kwa moja kutoka ardhini likiwa limeota majani. Unalipanda kwa miguu hadi juu, ukaona bahari. Mjukuu keshafika kileleni kabla sijamaliza kueleza.

Ndani, chini, kwenye chumba chenye mwanga hafifu, amelala mtu wa Grauballe. Wachimbaji wa mboji walimkuta kinamasini mwaka 1952. Alikufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, lakini maji yale ya kinamasi yaliihifadhi ngozi yake ikawa ngumu na nyeusi, na nywele zikageuka nyekundu. Kucha zipo. Alama za vidole zipo pia, na zilichukuliwa kama za mtu aliyekwenda kuomba pasipoti. Shingo imekatwa kutoka sikio hadi sikio. Tumboni walikuta mabaki ya uji wa nafaka uliochanganyika na mbegu nyingi za magugu. Wataalamu wengi wanaona alitolewa kafara.

Mama alisimama muda mrefu, akavuta mtandio, midomo ikicheza kwa dua. Kisha akauliza, "Sasa mbona hawajamzika?"

Swali hili wageni wa kwetu huliuliza sana. Watalii wa Ulaya huuliza zaidi kuhusu umri wake na jinsi alivyohifadhika. Nikamweleza habari za utafiti, kwamba bila yeye tusingejua watu wa zama zile walikula nini wala walikufaje. Akanisikiliza kwa adabu. "Haya, wamekwisha jua. Sasa wamzike." Binti yake akacheka. Mimi sikucheka, maana kwa maoni yangu mama ana hoja, ingawa kila nikija lazima nipite kumwona.

Saa saba. Tumekaa juu ya majani ya paa. Mkahawa upo, lakini mama ametoa chapati na mayai kwenye mkoba, na hapo mjadala wa bei ukafungwa.

Saa nane. Den Gamle By, mji wa kale. Nyumba hizi, zaidi ya 70, zilibomolewa sehemu mbalimbali za Denmark zikajengwa upya hapa. Iliyoanzisha yote ni nyumba ya meya ya mwaka 1597, na makumbusho yenyewe yakafunguliwa 1914. Wageni wengi humaliza picha zao kwenye mitaa ya farasi na mawe. Mimi nawasukuma mbele hadi mtaa wa 1974, wenye duka la redio na televisheni na vyumba vilivyopangwa kama wenyewe wametoka kidogo tu. Mojawapo ni makazi ya vibarua waliotoka Uturuki. Hapo binti ndiye aliyenyamaza. Baadaye akasema chumba chake cha kwanza Denmark kilikuwa hivyo hivyo, masanduku juu ya kabati.

Saa kumi na nusu. ARoS, makumbusho ya sanaa. Ile sanamu ya mvulana mkubwa ya mchongaji Ron Mueck imechuchumaa, na bado ina urefu wa zaidi ya mita 4. Mjukuu alipiga picha mishipa ya miguu yake. Juu ya paa kuna njia ya mviringo ya vioo vya rangi, mita 150, kazi ya msanii Olafur Eliasson ya mwaka 2011. Mji unakuwa mwekundu, unakuwa njano, unakuwa buluu kadiri unavyotembea. Inapendeza, ila ukinibana nitakwambia ukiwa na nusu siku tu, iache hii uende Moesgaard.

Saa kumi na mbili jioni. Dokk1, maktaba ya bandarini, haina kiingilio. Ndani imening'inia kengele kubwa yenye umbo la bomba. Mtoto akizaliwa hospitali ya chuo kikuu, wazazi hubonyeza kitufe kule, nayo hulia huku. Tulingoja huku tukipumzisha miguu. Haikulia.

Saa tatu usiku. Bado kweupe nje. Ujumbe wa binti: mama anataka kwenda Odense kuona nyumba ya Hans Christian Andersen, yule mwandishi wa hadithi za watoto. Nimemjibu ni kama saa moja na nusu kwa treni, na jengo jipya la makumbusho yake, lililobuniwa na Kengo Kuma na kufunguliwa 2021, lina bustani atakayoipenda. Akauliza kama huko nako kuna maiti.