Glavu zilinidanganya

Miaka yangu yote ya uuguzi nilijihesabu mtu msafi. Boksi la glavu halikuisha mkononi mwangu. Ndiyo maana mafunzo ya usafi wa mikono siku ile niliingia nikipiga miayo.

Mkufunzi alitugawia losheni isiyoonekana kwa macho, ila hung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Jipakeni, kanaweni, rudini. Nikanawa. Chini ya taa viganja vilikuwa vizuri, lakini vidole gumba vyote viwili viliwaka, ncha za vidole nazo, na pete yangu ya ndoa ilizungukwa na duara la mwanga. Kumbe sikuwa nimenawa hata sekunde 15. Kwa sabuni na maji zoezi zima linataka 40 hadi 60.

Zoezi la pili ndilo lililonivua nguo. Losheni ilipakwa kwenye kidonda cha sanamu ya mgonjwa, nami nikaambiwa nikisafishe na kukifunga kama kawaida yangu. Nikavaa glavu. Katikati ya kazi nikakumbuka mkasi, nikavuta droo ya toroli. Miwani ikateleza, nikaisukuma. Nikafunga pazia, nikaandika kwenye faili. Wakazima taa za chumba, wakawasha ile yao. Droo, miwani, pazia, kalamu: safari yangu yote imechorwa. Nilipovua glavu, hata kifundo cha mkono kiling'aa.

Glavu zilinikinga mimi. Mgonjwa wa kitanda cha pili angekingwa na nini? Tena hata mimi si kwa uhakika, maana zinaweza kuwa na vitundu visivyoonekana, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Ukizivua, unanawa au unapaka kitakasa mikono. (Kitakasa chenyewe kina mipaka: mbegu za Clostridioides difficile, bakteria wa kuharisha, haziuawi na kileo. Hapo ni sabuni na maji.)

Mwaka 1847 daktari Semmelweis aliwataka madaktari wa Vienna waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake waliokuja kujifungua. Vifo vikapungua sana, lakini wakubwa wengi walimpinga. Nilikuwa nawacheka wakubwa hao. Siku ile mkufunzi nilimtazama kwa jicho lao lilelile.

Siku hizi mkasi unatangulia kwenye trei, na kalamu siigusi kabla sijavua na kunawa. Pete inabaki nyumbani. Mume wangu aliiulizia mara moja, nikamweleza, akaenda kunawa.