Jioni ya Sembène

Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba nimechelewa. Wenzangu wengi katika darasa la uongozaji wa filamu walikuwa vijana waliotoka shule juzi. Mimi nilikuwa na watoto, na masomo niliyapata jioni baada ya kazi. Ndipo Mwalimu akatuonyesha filamu ya Borom Sarret.

Kabla ya kuwasha projekta alitusimulia habari za Ousmane Sembène. Alizaliwa Ziguinchor, Senegal, mwaka 1923, akatumikia jeshi la Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili, kisha akawa kuli bandarini Marseille. Aliandika riwaya kwa Kifaransa, lakini wengi wa aliowaandikia hawakuweza kuzisoma. Akaenda Moscow kusomea filamu. Hii tuliyokuwa tukiisubiri aliitoa mwaka 1963. Nikapiga hesabu: alikuwa na miaka 40! Nikakaa vizuri kitini.

Ni filamu fupi, dakika ishirini hivi. Mwenye mkokoteni wa farasi anazunguka Dakar kutwa akitafuta riziki. Abiria mmoja anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa wenye nazo, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anamsimamisha. Anapotoa karatasi zake, nishani yake ya vita inaanguka. Anainama kuiokota, na kiatu cha polisi kinaikanyaga.

Mwalimu akarudisha pale, tukatazama tena. Mkono, nishani, kiatu. Hakuna hotuba kuhusu dhuluma, na aliyeipanga picha ile alikuwa askari wa Ufaransa yeye mwenyewe. Koo lilinikaba. Mpaka leo sijaona mwongozaji aliyesema mengi hivyo kwa kiatu kimoja.

“Mwalimu, mbona wanaongea Kifaransa?” kijana mmoja akauliza.

“Swali hilo alijiuliza na yeye,” Mwalimu akajibu. Mwaka 1968 Sembène alitoa Mandabi, na humo watu wanazungumza Kiwolof chao. Hakupumzika tena: Moolaadé, filamu yake ya mwisho, ilituzwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2004 akiwa na miaka 81.

Usiku ule nilifungua muswada wangu. Mhusika wangu, mama anayedaiwa kodi, alikuwa akilalamika ukurasa mzima. Nikayafuta maneno yake yote, nikabakiza vidole vinavyokunja na kukunjua risiti ya zamani.

Mwalimu aliusoma akiwa amesimama mlangoni.

“Utaanza lini kupiga picha, mama?”

“Jumamosi, Mwalimu.”