Kumbukumbu ya mradi wangu: BRNO .22 ya marehemu baba, Mufindi

Ilivyofika mezani

Mashamba ya baba tuligawana nyumbani mbele ya wazee. Bunduki haigawanywi hivyo. Tuliikabidhi polisi pamoja na risasi zilizobaki, ikakaa huko mpaka leseni ilipotoka kwa jina langu. Ni BRNO Model 2 ya risasi za .22, ya kukoki kwa mkono kwa boliti (komeo la chuma nyuma ya mtutu), magazini inabeba risasi tano, na ilitengenezwa mjini Brno enzi za Chekoslovakia. Nimeipokea mtutu una madoa ya kutu na mti wa kitako umepauka. Sishangai. Kwa miaka mingi ililala ndani ya ala ya kitambaa, na ukungu wa Mufindi wa Juni na Julai unaingia hadi kwenye sanduku la nguo. Kitambaa kinanyonya unyevu kikaukumbatia ule mtutu usiku na mchana.

Lengo langu ni kuirudisha katika hali ya kuaminika. Sitafuti ing'ae kama mpya.

Kabla ya bisibisi

Nimemwomba baba mdogo asimamie. Ni mwanajeshi mstaafu, na kwenye jambo hili hana haraka. Risasi zote zimebaki zimefungiwa chumba kingine, mtutu umeelekezwa ukuta wa mawe usio na mtu nyuma yake, watoto wametumwa kwa bibi yao.

"Mwanangu, magazini kwanza, chemba baadaye," akasema (chemba ni pale mwanzo wa mtutu risasi inapokaa). "Ukianza na chemba utatoa risasi moja, na unaporudisha boliti magazini inakupakia nyingine. Wewe unajua iko tupu, kumbe umeijaza."

Hapa ndipo watu wanapofia, hata wakiwa na kitambaa cha kusafishia mkononi. Kwa hiyo magazini ikatoka, boliti ikavutwa nyuma, nikachungulia chemba, kisha nikaingiza kidole cha mwisho kupapasa. Jikoni kwetu mwanga ni hafifu, na jicho huona linachotarajia kuona. Baba mdogo naye akaangalia mwenyewe, hakutosheka na maneno yangu.

Kuifungua

Boliti ya BRNO hii inatoka ukibana kifyatulio huku unaivuta nyuma mpaka mwisho. Kitako kinashikwa na skrubu mbili upande wa chini. Bisibisi lazima ijae mfereji wa skrubu sawasawa, vinginevyo inateleza na kuchubua chuma. Nimepiga picha kila hatua na kupanga vipande kwenye sinia kwa mpangilio wa kutoka. Ndani ya boliti sikugusa, hakukuwa na sababu.

Waliopita JKT watakumbuka SAR, ile SKS ya Sergei Simonov ya mwaka 1945. Ile inajipakia yenyewe kwa nguvu ya gesi, hivyo kuna bomba la gesi na pistoni vya kusafisha masizi, kazi ambayo kwangu haipo. Lakini baba mdogo alisisitiza jambo moja kuhusu SAR: pini yake inayogonga risasi lazima icheze huru ndani ya boliti. Ukiitikisa boliti, uisikie. Grisi ya ghalani ikiigandisha ikiwa imetokeza mbele, bunduki inaweza kulipua yenyewe wakati wa kupakia. Inafaa kulijua hili hata kama silaha yako ni ya aina nyingine.

Mtutu, kutu na mti

Kwa kuwa boliti imetoka, ufito wa kusafishia unaingia kwa nyuma. Hiyo ni bahati, maana mdomo wa mtutu ukikwaruzwa risasi haiendi tena sawa. Kwanza kitambaa chenye mafuta ya taa (nje, mbali na moto), halafu brashi ya shaba, halafu vitambaa vikavu mpaka kimoja kikatoka safi. Uchafu mwingi ulikuwa chemba, pete ngumu ya masizi na nta ya risasi. Mtutu wenyewe haukuhitaji kusuguliwa sana.

Kutu nimeipaka mafuta mepesi, nikaiacha ilale, asubuhi nikaifuta taratibu kwa sufi ya chuma iliyo laini kabisa. Msasa ungeondoa na ule weusi unaokinga chuma. Vishimo vimebaki, na vibaki.

Mti nimeupaka mafuta ya kitani, tabaka jembamba, siku baada ya siku. Vitambaa vyake msivikunje mkavitupa kapuni: vinapokauka vinazalisha joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vyangu nimevitandaza juani.

Kuifunga

Ilirudi kwa mpangilio wa kinyume bila kulazimishwa hata mahali pamoja. Nimekaza skrubu kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Kufyatua kavu (bila risasi) nimekuepuka, kwani pini ya .22 inaweza kugonga ukingo wa chemba; nimetumia ganda lililokwisha kulipuka. Kizuio cha usalama cha hii huenda mbele kufunga na nyuma kufungua, tofauti na bunduki nyingi, kwa hiyo kila atakayeishika kwa leseni ataambiwa kwanza.

Mafuta nimeacha utando tu. Yakizidi hutiririka hadi kwenye mti na kuulainisha, ndiyo maana ndani ya sefu imesimama mdomo chini. Boliti iko kwenye kisanduku chenye kufuli lake.

Kilichobaki ni springi ya magazini, imechoka, na kuipima shabaha kwenye uwanja unaoruhusiwa.