Nilivyobadili sili za valvu kwa kamba ya dagaa

Kwanza salamu kwa wote walioniambia injini imekufa. Corolla yangu kuukuu, injini ya 5A, nikiiwasha asubuhi ilijaza uwanja moshi wa bluu hadi jirani anafunga madirisha. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti: "Ringi za pistoni hizo kaka, shusha injini tufanye ovahoo." Hesabu yake ilikaribia milioni. Wa pili akanishauri oili nzito. Nikaweka, moshi ukabaki palepale.

Mimi ni mwalimu, si fundi, lakini mlima wa Kigoma naujua. Nikipanda kutoka stesheni kwenda Mwanga, gia ya pili, mguu chini, moshi hakuna. Nikishuka mlima huohuo nimeachia mafuta, halafu nikanyage kule chini, wingu! Ringi zingekuwa zimeisha, moshi ungeonekana wakati wa kupanda. Ukishuka umeachia mafuta, injini inavuta hewa huku njia imefungwa, inaishia kufyonza oili pembeni ya shina la valvu. Nikapima kompreshoni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, zote nne karibu sawa. Basi, ni sili za valvu, vile vijiraba vinavyozuia oili isipite pembeni ya shina.

Seti ya sili 16, moja kwa kila valvu, ilitoka Dar kwa basi, elfu thelathini na kitu pamoja na nauli ya mzigo.

Kufungua kava na kamshafti, zile shafti zinazosukuma valvu, sielezi. Ila ile gia ya kamshafti yenye springi ndani ifunge kwa bolti ya milimita 6 kabla hujaitoa, na kila kikombe kinachofunika valvu kirudi tundu lake na kisahani chake. Mimi nilivipanga kwenye trei ya mayai.

Kasheshe ni kwamba ukitoa vile vikabari viwili vinavyoshika springi, valvu inaweza kuzama ndani ya silinda. Wenye kompresa hujaza hewa. Mimi nilikwenda Kibirizi kwa mzee mmoja wa dagaa, nikamwomba kamba laini ya nailoni, unene wa kidole cha mwisho. "Mita mbili? Mwalimu, unafunga mtumbwi gani?" Nilipomwambia naiingiza kwenye injini, alicheka mpaka akakaa chini, pesa akakataa.

Choma ncha isifumuke. Shusha pistoni nusu, lisha kamba kupitia tundu la plagi, mkia ubaki nje, kisha zungusha krenki kwa spana taratibu mpaka igome. Kamba imejazana juu ya pistoni, valvu haiendi popote. Harufu utaizoea.

Siku ya kwanza niliaibika. Nimeweka soketi juu ya springi, nikagonga nyundo, kikabari kikaruka, nikasikia "ti!" kwenye bati. Nilitafuta hadi giza. Karibu na gari alikuwepo kuku anadonoa, nikamshuku, nikaanza kumfukuza na tochi. Mke wangu kasimama mlangoni: "Baba Neema, kuku wa watu amekukosea nini?" Asubuhi mwanangu akapita anaburuta sumaku ya spika mbovu mchangani kwa uzi. Imenasa misumari, kizibo cha soda, na kikabari changu. Sumaku nikaitaifisha. Nikaivunja, kipande nikakitia ndani ya soketi, na tangu hapo kila nikigonga vikabari vinanasa humohumo. Matundu ya oili nilishayaziba kwa vitambaa, la sivyo ningekuwa natafuta hadi leo.

Sili za zamani zilikuwa ngumu kama kucha. Na angalia, za upande wa hewa na za upande wa ekzosi hazifanani.

Kurudishia ndiko kulikonitoa jasho. Nilikata dirisha kwenye kipande cha bomba la maji, shemeji akakikandamiza juu ya springi kwa nondo, mimi kupitia dirisha napachika vikabari vilivyopakwa grisi kwa kibanio cha nyusi cha dada yake. Mara 16. Ilituchukua siku mbili na nusu, na kibanio nimedaiwa kipya.

Moshi wa asubuhi umekwisha. Kava la juu linavuja kidogo, maana kwa ubahili wangu nilirudishia gasketi ileile.