Nukta nyekundu kwenye daftari la vipimo

Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, nilikuwa Magomeni, Dar, nashona suti ya mama mmoja wa wizarani. Sikuamini. Habari ya Dodoma kuwa makao makuu ilikuwepo tangu 1973, tumeisikia tangu tunazaliwa. Lakini Septemba Waziri Mkuu Majaliwa akahama kweli, na mwaka uliofuata sketi zilianza kuning'inia dukani wiki mbili, tatu, wenyewe wako Dodoma, wananiomba nizitume kwa basi.

Jioni moja nikafungua daftari la vipimo, nikamwekea nukta nyekundu kila mteja aliyehama. Kurasa zikajaa nukta. Nikajua na mimi naondoka.

Nilipata fuso lililoshusha mahindi ya Kibaigwa, mkoani Dodoma, linarudi tupu, ndiyo maana dereva hakunikaba bei. Kichwa cha cherehani nilikifungua mezani, nikakifunga kwa khanga mbili, nikakipakata njia nzima, kilomita 450 na ushee. Ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo, ilikaa nyuma kwenye magunia. Mpaka leo nikiisafisha nadondosha punje ya mahindi.

Fremu nilipata Majengo, hapa Dodoma. Hapo nilitoka jasho: kodi ya miezi sita mkononi, na dalali anasubiri ya kwake. Ndugu yangu unayehamisha biashara, hesabu ya kodi itangulie, ya lori ifuate.

Kisha vumbi. Dar nilipaka cherehani mafuta kwa wingi kuzuia kutu ya bahari. Nikafanya vile vile huku, mafuta yakashika vumbi yakawa tope, mashine ikagoma na nguo ya harusi iko mezani. Mzee mmoja fundi wa jirani akanionyesha: futa kila jioni kwa kitambaa kikavu, halafu tone moja tu.

Wateja niliwakuta. Aliyebaki Dar ni msaidizi wangu wa miaka tisa, watoto wake wako shule, asingeweza kuhama. Nilimwachia cherehani ya pili na wateja wasio na nukta. Zipu na vifungo ananinunulia yeye Kariakoo, anapakia basi la asubuhi, jioni napokea stendi. Vifungo vinakuja kwenye kitambaa cha bitana kilichofungwa fundo lile lile alilokuwa anafunga Magomeni, la kuvuta ncha moja. Sijawahi kulifungua haraka.