Joto Lisiloua Papo Hapo

Tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi katika nyanda kame, aghalabu tunawaza mizoga ya ndege kandokando ya dimbwi lililokauka. Maafa ya namna hiyo hutokea, lakini nionavyo mimi yanatusahaulisha joto la kawaida zaidi, lile lisiloua bali linalomnyang'anya ndege saa za kutafuta chakula.

Ndege hana tezi za jasho. Hewa ikipata joto kuliko mwili wake, ambao huwa karibu nyuzi 41, hana namna ya kujipoza isipokuwa kuvukiza maji, na kwa ndege wengi hilo ni kuhema mdomo ukiwa wazi. Chukua hondohondo wa mdomo wa manjano katika Kalahari, Afrika Kusini. Jike hujifungia katika tundu la mti, akaziba mlango na kubakiza upenyo mwembamba, kisha manyoya yake ya kurukia hupukutika, hivyo yeye na makinda humtegemea dume kwa kila mdudu. Dume naye huchokora mawindo ardhini kwa mdomo uleule anaohemea. Akishaanza kuhema, hawindi sawasawa. Watafiti walikuta kwamba viota vilivyofanikiwa vilishuka kutoka asilimia 58 kati ya 2008 na 2011 hadi asilimia 17 kati ya 2016 na 2019, na kwamba wastani wa kiwango cha juu cha joto cha kila siku ulipofikia nyuzi 35.7 hakuna kilichofanikiwa. Wala hondohondo hawezi kutaga mapema zaidi, kwa kuwa anangoja mvua, nazo huja katika majira yaleyale ya joto kali.

Hasara kama hizo zikijumlishwa, jamii nzima ya ndege hubadilika. Katika jangwa la Mojave, Marekani, maeneo 61 yaliyokaguliwa mwanzoni mwa karne ya 20 yalipokaguliwa upya yalikuwa yamepoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya spishi zake, hasa kwa sababu ya kupungua kwa mvua. Walioathirika zaidi ni wenye maumbo makubwa wanaokula wadudu na nyama. Aliyeongezeka ni kunguru (nani angeshangaa?).

Kwa hiyo siridhiki na pendekezo la kuwaokoa ndege kwa kuchimba mabwawa pekee. Bwawa humfaa firigogo, mla mbegu ambaye hana budi kunywa, ilhali ndege wengi wanaokula wadudu hupata maji yao ndani ya mawindo, na saa za kuwinda ndizo zinazopungua.