Nilivyoisikiliza upya Main Course ya Bee Gees

Albamu uliyoikuta nyumbani tangu utotoni huisikilizi tena, unaiimba tu. Main Course, ile ya kundi la Bee Gees ya 1975, naijua mpaka pale wanapovuta pumzi, lakini ungeniuliza besi inafanya nini kwenye "Jive Talkin'" ningekutolea macho. Nikaona huu ni uzembe. Nikaamua kuirudia kama mgeni.

Dawa ya kwanza ilikuwa kutoanza nayo. Nilianza na Mr. Natural ya 1974, albamu iliyotangulia, ambayo haikufika popote sokoni. Prodyuza ni yuleyule, Arif Mardin, mzaliwa wa Istanbul aliyekuwa ameshafanya kazi na mwimbaji Aretha Franklin pale kampuni ya rekodi ya Atlantic. Ndugu wale watatu, Barry, Robin na Maurice Gibb, walikuwa wamejijengea jina miaka ya 60 kwa nyimbo za majonzi zenye fidla nyingi, na sasa soko lilikuwa limewapa kisogo. Kwenye Mr. Natural unawasikia wanaigusa soul, ule muziki wa hisia wa Wamarekani weusi, kwa woga, wimbo mmoja ndani, mwingine nje. Ukitoka hapo ukaingia Main Course, unashtuka.

Kilichobadilika katikati ni Miami. Mpiga gitaa Eric Clapton aliwashauri waende kurekodi huko, kwenye studio za Criteria, wakakaa katika nyumba ileile ya 461 Ocean Boulevard iliyoipa jina albamu ya Clapton. Kila walipokuwa wakienda studio walivuka daraja, na mlio wa matairi kwenye maungio yake ndio uliompa Barry mapigo ya "Jive Talkin'". Kisa hiki nilikuwa nakijua kitambo, ila sikuwahi kukipima. Safari hii nilivaa hedifoni, nikaufuata mkwaruzo wa gitaa la mwanzoni peke yake, bila kuruhusu sikio likimbilie sauti za waimbaji. Ni kweli kabisa, gari lile lipo! Mara iliyofuata nikafuata besi tu. Inayotawala huko chini ni sintesaiza ya Blue Weaver, mpiga kinanda wao, nene na yenye kuteleza, na ndiyo inayoubeba wimbo. Gitaa linakwaruza tu juu yake.

Njia hiyo, chombo kimoja kwa kila mzunguko, ndiyo iliyonifungua masikio kuliko kitu kingine chochote. Inachosha, sitaki kudanganya, na ukiwa na watu sebuleni watakufukuza.

"Fanny (Be Tender with My Love)" nayo niliipanga nyuma ya "She's Gone" ya waimbaji wawili, Hall & Oates, ambayo Mardin huyohuyo aliitengeneza miaka miwili kabla. Weaver amekiri kwamba ule upandaji wa ufunguo, yaani wimbo mzima kuhamia noti za juu zaidi, mwishoni mwa "Fanny" waliuchota huko. Ukizisikiliza zikifuatana huhitaji kuambiwa. Wanapofika mahali ambapo wimbo ungeweza kuisha kwa heshima, wanapandisha ngazi moja, sauti zinabanana, na wewe kifua kinakujaa. Kabla ya hapo nilikuwa nausikia kama wimbo wa mapenzi wa kawaida tu.

Halafu kuna "Nights on Broadway". Mardin alitaka mtu wa kupiga mayowe mwishoni, lakini mayowe yaliyo ndani ya ufunguo, Barry akajaribu, na ikatoka ile sauti nyembamba ambayo baadaye dunia nzima ilikuja kuiigiza kwa kejeli. Watu husema sauti ile ndiyo soul ya albamu hii. Sikubaliani. Humu inatokea kwa kiasi kidogo, kama pilipili pembeni mwa sahani. Soul yenyewe iko kwenye utulivu: katikati ya wimbo huohuo mwendo unapunguzwa ghafla, mtu anaahidi kusubiri, na hakuna anayemharakisha. Bee Gees wa zamani wangepajaza fidla hapo hadi pafurike.

Upande B ndio ulionipa shida. "Country Lanes", anayoiimba Robin, ni majonzi yaleyale ya miaka ya 60, na "Come On Over" ni country moja kwa moja, hata Olivia Newton-John aliichukua akairekodi. Zamani nilikuwa naziruka. Sasa nazisikiliza, maana zinaonyesha kwamba hawakuwa na uhakika kama huko waendako kunalipa, wakaacha mguu mmoja nyumbani. "Country Lanes" bado siipendi, ila nimeelewa inafanya nini pale.

Zamu inayofuata ni Children of the World ya 1976. Waliitengeneza bila Mardin, kwa kuwa mikataba ya usambazaji ilibadilika na yeye alikuwa mtu wa Atlantic, na "You Should Be Dancing" ya humo nimeshaicheza mno kwenye harusi. Nitaanza na besi.